Chuo Kikuu Butiama: Kilimo na Teknolojia Sawa, Lakini Zama za Kati Tumemwachia Nani?



Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, Mara. Nilianzia Bunda kwa mama mdogo, nikaenda Musoma kwa shughuli zangu, nikamalizia Butiama kwenye msiba. Ndani ya gari la kwenda Butiama nilikaa na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Tukapiga stori za hapa na pale, nikamuuliza anataka kusomea nini chuo kikuu. "Chochote chenye ajira, kaka," akanijibu. Nikamtania: je, historia? Akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. "Historia ya nini tena? Ya Vasco da Gama? Hiyo nimeshafaulu, imeisha."

Nilicheka naye. Lakini lile neno "imeisha" limenikaa kichwani hadi leo, ndiyo maana naandika.

Kwanza tuweke mezani yanayotokea sasa hivi. Butiama pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Chuo hiki kimo kwenye mradi wa kupanua elimu ya juu unaojulikana kama HEET, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kwa nchi nzima. Ni jambo jema, na sisi watu wa Mara tumelisubiri muda mrefu mno. Pili, kwenye mitaala mipya iliyotokana na mabadiliko ya sera ya elimu ya mwaka 2023 kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Hili nalo ni jambo jema.

Swali langu ni moja. Mwalimu wa Bunda au Musoma atakayesimama mbele ya watoto kufundisha historia ya Tanzania atasema nini kuhusu Mara ya mwaka 1200? Ya mwaka 1400? Ya mwaka 1600? Tukubaliane tu kwamba wengi wetu tulifundishwa hivi: binadamu wa kale Olduvai, halafu chuma, halafu Waarabu na Wareno pwani, halafu Mjerumani, halafu TANU. Katikati hapo kuna miaka zaidi ya elfu moja ambayo bara zima, na Mara ikiwemo, inaonekana kama watu walikuwa wamelala!

Miaka hiyo ndiyo wenzetu wanaiita zama za kati, kwa makadirio ya kawaida toka karne ya 5 hadi ya 15, na baada yake Renesansi, yaani kipindi cha mwamko wa elimu na sanaa Ulaya mpaka karne ya 17. Vyuo vikuu vyao vina vituo maalumu vya kusomea zama hizo, na havisomi kwa njia yetu ya "huyu wa historia, yule wa lugha, msiingiliane". Mtu wa lugha anakaa na mtu wa mifupa, mtu wa dini na mtu wa sarafu, mtu wa hali ya hewa na mtu wa mashairi. Ni taaluma mtambuka. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kina kituo cha namna hiyo toka miaka ya 1960. Kilianza kikiangalia zaidi Ulaya. Mwaka 2021 wakakibadilisha jina ili kionekane kinaiangalia dunia nzima ya zama zile. Paris nako, Collège de France ilimpa François-Xavier Fauvelle kiti cha uprofesa cha historia na akiolojia ya Afrika mwaka 2019. Huyu bwana ndiye aliyeandika kitabu kuhusu zama za kati za Afrika na kukiita "Kifaru wa Dhahabu" kwa Kifaransa.

Kwa hiyo Los Angeles wameshtuka, Paris wameshtuka. Sisi wenye mali tunasema imeisha!

Kuna atakayeniambia zama za kati ni neno la Wazungu na halituhusu. Hoja hiyo ina uzito. "Kati" ya nini na nini? Ya Roma yao na mwamko wao. Siwezi kumlazimisha Mzanaki au Mjita aishi ndani ya kalenda ya Roma. Lakini miaka ni ileile kwa wote. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Kilwa, Mara palikuwa na watu wanalima, wanachunga, wanaoana na kugombana. Tuite zama hizo jina lolote, cha msingi tujue walifanya nini.

Mfano mzuri wa taaluma mtambuka uko hapahapa nchini, Kilwa. Kwa muda mrefu palikuwa na mabishano. Tarikh ya Kilwa, ambayo toleo lake moja liliingizwa na Mreno João de Barros kwenye kitabu chake cha mwaka 1552, inasema watawala walitoka Shirazi. Wakoloni wakaishika hiyo, wakasema basi miji yote ya mawe ni ya wageni. Wanaakiolojia wakachimba wakakuta vyungu na nyumba za wenyeji kuanzia chini kabisa, wakasema hapana, hii ni miji ya Waafrika. Wanaisimu nao wakasema Kiswahili ni Kibantu, hakuna mjadala. Halafu Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani, pamoja na mji mmoja wa ndani. Watu wa pwani walikuwa wa kati ya miaka ya 1250 na 1800. Matokeo? Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, tena hasa kwa upande wa akina mama, na upande wa Asia umetoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ukianza takriban mwaka 1000.

Yaani wazee wa Kilwa hawakuwa wanatunga uongo, na wanaakiolojia nao hawakukosea. Kila mmoja alishika kipande chake. Ingebaki kwa mwanahistoria peke yake, mabishano yangeendelea mpaka leo. Ingebaki kwa mtu wa maabara peke yake, asingejua hata aulize swali gani.

Sasa turudi Mara. Sisi hatuna tarikh iliyoandikwa wala msikiti wa karne ya 14. Tuna nini?

Tuna lugha. Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kinata, Kiikoma, Kingoreme, Kikurya, Kikabwa na nyingine... mkoa mmoja! Wanaisimu kama Christopher Ehret na David Schoenbrun wametumia lugha za ukanda huu kama mtu anavyosoma nyaraka. Wameonyesha kwamba lugha za Kibantu za upande wetu zilikopa maneno, hasa ya mifugo na marika, kutoka kwa watu wa jamii ya lugha iliyo na Kikalenjini na Kitatoga. Maana yake nini? Huwezi kukopa neno la rangi ya ng'ombe au jina la rika kwa mtu usiyeishi naye. Kwa hiyo mkulima wa Kibantu na mfugaji wa Kiniloti walikaa pamoja kwa muda mrefu, wakaoana, wakafundishana. Leo tunaposikia vijana wa koo mbili wanawindana kwa ajili ya ng'ombe au mpaka, ni vizuri wajue kwamba hata maneno wanayotumia kuita ng'ombe ni ya kuazimana.

Tuna masimulizi. Waikizu wanasimulia habari za Nyakinywa, mwanamke mleta mvua aliyetoka upande wa Kanadi, Usukumani. Wanata wanasimulia mwanamume mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima. Mtafiti Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa Mara kusini, akakusanya historia walizoandika wenyewe na kuzitoa kitabuni mwaka 2003, kisha mwaka 2007 akatoa kitabu kingine kuhusu namna watu wa Serengeti magharibi wanavyoikumbuka ardhi yao. Anachosema ni kwamba hadithi ya mwindaji na mkulima ni kumbukumbu ya kweli ya watu wa aina mbili kukutana, hata kama majina na siku zimepotea. Mtu akisoma masimulizi haya pamoja na lugha na vyungu, anapata picha ambayo hadithi peke yake isingempa.

Tuna michoro ya miambani, ambayo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliiandikia mwaka 2005. Na ukivuka mpaka tu wa Sirari, upande wa Migori, Kenya, kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16. UNESCO waliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Karne ya 16, ndugu zangu, ndiyo karne aliyozaliwa Shakespeare! Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wameshaweka kibao na watalii wanakwenda. Sisi tuna mageti ya Serengeti, mtalii anapita Bunda akitazama nyumbu, hakuna anayemwambia kwamba mbuga ile ilikuwa na wenyewe.

Na tuna ziwa. Hapa ndipo ninapotaka watu wa kilimo na teknolojia wanisikilize.

Kule Cairo, kwenye kisiwa cha Roda, kuna kipimo cha maji ya mto Nile. Jengo lililopo lilijengwa mwaka 861, na kumbukumbu za vipimo zinaanzia mwaka 622. Wamisri walikuwa wanaandika kiwango cha juu na cha chini cha mto kila mwaka, maana kodi na njaa vilitegemea hapo. Kiwango cha juu kinatokana zaidi na mvua za Ethiopia. Lakini kiwango cha chini, wakati wa kiangazi, kinabebwa zaidi na Nile Nyeupe, yaani maji yanayotoka kwenye ziwa letu pale Jinja. Kwa hiyo karani wa Cairo wa zama za kati, ambaye hakuwahi kusikia neno Musoma, alikuwa bila kujua anaandika habari za ziwa ambalo leo watu wa Mwigobero wanaanua dagaa kando yake.

Ongeza na hili. Watafiti walichukua tope la chini ya Ziwa Naivasha, Kenya, wakalisoma tabaka kwa tabaka, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi Afrika Mashariki ilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye mvua zikaongezeka kwa karne nyingi, lakini katikati pakawa na vipindi vitatu vya ukame mrefu: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Ukame wa miaka sitini! Mtu anazaliwa, anaoa, anapata wajukuu, bado kavu. Naivasha siyo Mara, nakubali, lakini ni majirani wa mvua.

Sasa mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kwenye kiwango ambacho lilikuwa halijakifikia toka mwaka 1964. Mialo ikaingia maji, watu wa kando wakahama. Mwaka 2024 likapanda tena. Wengi tulisema ni maajabu. Mhandisi anayejenga gati kwa kumbukumbu za miaka mia moja tu, na mtaalamu wa kilimo anayemshauri mkulima wa Bunda kwa kumbukumbu za miaka hamsini, wote wawili wanafanya kazi wakiwa wamefumba jicho moja. Jicho la pili ni hizo zama za kati.

Na chakula je? Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, tumbaku, vyote asili yake ni Amerika. Havikuwepo Afrika kabla ya safari za Columbus na Wareno, mwishoni mwa karne ya 15 na kuendelea. Yaani ugali wa muhogo tunaojivunia kuwa ni chakula cha babu zetu, babu wa mwaka 1400 hakuujua kabisa! Yeye alikula ulezi, mtama, kunde, samaki, maziwa. Na ndiyo mazao yaliyowavusha watu kwenye ule ukame. Leo tunahangaika kutafuta mazao yanayovumilia jua. Mimi nauliza tu: chuo cha kilimo kinaweza kweli kusema hakihitaji kujua watu wa hapa walilima nini, na walinusurikaje, miaka mia sita iliyopita?

Nikumbushe jambo la mwisho kabla ya mapendekezo. Jina lililo kwenye lango la chuo kile ni la nani? Ni la mtu aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, akapita Tabora, Makerere, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kutoka na shahada mwaka 1952. Pale hakusoma kitu kimoja. Alisoma uchumi, historia, fasihi ya Kiingereza, anthropolojia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili. Halafu akiwa kiongozi wa nchi, na kazi zote zile, akakaa kumtafsiri Shakespeare, mtu wa Renesansi. Tafsiri ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika "mfanyabiashara" akaishia hapo. Akaandika MABEPARI, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mtu wa Butiama aliichukua Venisi ya karne ya 16 akaitumia kutuuliza maswali yetu wenyewe ya fedha, deni na utu. Sasa chuo chenye jina lake kikifundisha matrekta bila kufundisha hayo, tutakuwa tumechukua jina tukamwacha mwenye jina.

Najua majibu. Hela hakuna, ajira hakuna, wahadhiri hawatoshi. Sijapuuza. Naishi nchi hii. Ndiyo maana siombi idara mpya yenye mkuu, katibu muhtasi na gari. Naomba mambo manne madogo.

Kwanza, somo moja tu la lazima kwa wanafunzi wote wa Butiama, wa kilimo na wa teknolojia: ziwa, mvua, mazao na watu wa Mara kuanzia mwaka 1000. Lifundishwe na watu watatu au wanne wa fani tofauti wakiingia darasani kwa pamoja, wabishane mbele ya wanafunzi.

Pili, chuo kishirikiane na makumbusho ya Mwalimu yaliyopo palepale Butiama na watu wa akiolojia na historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa Dar waje kufanya kazi zao za uwandani Bunda na Butiama, na wa Butiama wapime udongo na tope kwa ajili yao. Vifaa vya kupimia udongo ni vilevile, swali ndilo linabadilika.

Tatu, yatakayopatikana yaandikwe kwa Kiswahili na yapelekwe kwa walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili mkoani. Vitabu vizuri kuhusu Mara viko kwa Kiingereza, vinauzwa kwa dola, na mzee aliyetoa habari zilizomo hajawahi kukishika kitabu chenyewe.

Nne, na hili haliwezi kusubiri, madaftari ya wazee yakusanywe na kupigwa picha. Hapa nisimulie kidogo. Nilipofika Bunda nilimwomba mama mdogo anionyeshe daftari la marehemu mjomba. Mjomba alikuwa ameandika majina ya ukoo kurudi nyuma vizazi kumi na mbili, majina ya marika, na mahali walipohamia wakati wa njaa mbalimbali, kila njaa na jina lake. Nililiona nikiwa shule ya msingi, daftari la kawaida la mistari, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mama mdogo akaingia ndani, akatoka na sanduku. Mchwa walikuwa wameshapita. Kilichobaki ni jalada na ule mpira.

Hakuna wa kumlaumu. Mama mdogo hakujua lina thamani, maana hakuna aliyewahi kuja kuliulizia. Hata mimi msomi sikuliulizia kwa miaka ishirini. Kila njaa ile yenye jina ingeweza kuwekwa kando ya tope la Naivasha na maji ya Cairo, tukajua ni mwaka gani. Sasa haiwezekani tena. Kwa hiyo yule kijana wa kwenye gari alikuwa na ukweli wake: historia inaweza kuisha. Ila haiishi kwa kufaulu mtihani.

Bado madaftari mengine yapo. Najua yapo Nyamuswa, yapo Kiabakari, yapo Bweri kwa wastaafu waliohamia mjini. Kama wewe unayesoma hapa kwenu kuna daftari la namna hiyo, lipige picha leo, hata kwa simu, kurasa zote, kisha mwambie na ndugu yako. Na kama uko kwenye uongozi wa chuo au wa mkoa, niambie wapi nimekosea. Niko tayari kusahihishwa.

Naomba kutoa hoja.